Nilipangiwa kufundisha barafu Baraka wakati wa vita, ikayeyuka kabla mkaguzi hajafika

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma kimyakimya. Miaka mingi nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu. Leo nimekuta walimu wanalalamika kuhusu field na lesson plan, mikono ikaniwasha. Nikasema hapana wakuu, na mimi niseme yangu.

Yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nilipopasahau nitasema nimesahau. Kiswahili changu ni nusu Baraka nusu Kigoma, nikiteleza nivumilieni.

Haya, twende.

Wakati wa vita ya pili ya Kongo nilikuwa namaliza ualimu pale Baraka, Kivu Kusini. Mwaka wa mwisho sisi tunauita sixième pédagogique. Shule inafunguka wiki tatu, mlio wa risasi unasikika, watu wanavuka kwenda rasi ya Ubwari kwa mitumbwi, wanarudi, kengele inagongwa tena. Ndiyo ilikuwa ratiba yetu.

Kabla ya mtihani wa serikali lazima ufundishe somo moja mbele ya jury ya watu watatu: mwalimu wetu wa didactique, yaani mbinu za kufundisha, mkuu wa shule ya msingi na mkaguzi wa kutoka Fizi. Ukianguka hapo, mtihani huuoni mwaka huo. Na mwaka unaofuata kama shule itakuwepo, Mungu ndiye anajua.

Stage yangu, ndiyo field yenu, ilikuwa darasa la nne. Watoto arobaini na tatu, wananiita Mamzelle. Mwalimu wao alikuwa amekimbilia Kigoma na familia yake, hakurudi.

Mkuu wa shule, mzee mpole tuliyekuwa tunamuita Directeur, akanivuta pembeni. “Binti yangu, ukipita siku ya Ijumaa, hii classe iko yako mwezi wa tisa. Ukianguka, nitaifunga. Sina mwalimu mwingine.”

Sasa ukuta wa darasa ulikuwa wa matete. Watoto walisikia kila neno.

Tuje kwenye kura ya mada. Programu ya sayansi ya shule ya msingi ilikuwa imebaki kitabu kimoja tu, jalada limeungua. Mwalimu wa didactique, Maître Wilondja, alikuwa anakitunza ndani ya mfuko wa unga kama mtu anavyotunza hati ya shamba. Anaandika mada kwenye vikaratasi, anatia kwenye kofia yake, tunachota.

Rafiki yangu Mlasi akachota “Kuku”.

Kuku jamani! Kuku anazurura nje hapo hapo, unamkamata tu unaingia naye!

Mimi nikafungua changu: “Maji yaliyoganda: barafu.”

Darasa zima likaangua kicheko. Baraka ya wakati ule, umeme hakuna, jenereta za kuhesabu. Mimi mwenyewe barafu nilikuwa naisikia tu.

Na sheria ya Wilondja ilikuwa moja: zana ya kufundishia lazima iwe kitu chenyewe. “Ukifundisha kuku, leta kuku. Muchoro haitagi mayai,” alikuwa anasema. Nikamuomba anibadilishie. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Nililia, sitaki kuwadanganya. Halafu nikakumbuka kituo cha afya kina frigo ya petroli, yaani mafuta ya taa, ya kutunzia chanjo.

Muuguzi pale aliitwa Mmunga, mtu mkali, sisi tunamuita docta. Nikamueleza. Akanitazama kama nimeomba figo yake.

“We binti, hii frigo iko ya chanjo. Petroli inatokaka mbali, inapita barrière ngapi? Na we unataka nigandishe maji ya kuchezea?”

“Haiko ya kuchezea, docta. Iko ndani ya programu.”

Akasema: “Bamama banaogopa kuleta batoto ku chanjo ya surua. Batoto yako balete badogo yabo siku ya Posho, mi nitakupa kopo moja.” Posho kwetu ni Jumamosi.

Nikakubali kabla hajamaliza kusema!

Ijumaa alfajiri nikapita kwa mafundi wa mitumbwi pale ufukweni, nikaomba unga wa mbao. Nikajaza ndoo. Docta akanitolea kopo kubwa la maziwa ya unga, maji ndani yameganda mpaka juu. Wakuu, nilipolishika mara ya kwanza nililiangusha. Nilidhani limeniunguza! Docta alicheka siku hiyo, mtu asiyecheka kabisa.

Nikalifunika kwenye unga wa mbao lisiyeyuke haraka, majani ya mgomba juu, ndoo kichwani, mbio.

Saa mbili kamili asubuhi watoto wamekaa, wengine wamepaka mafuta mpaka yanawatiririka. Directeur yupo. Wilondja yupo. Mkaguzi hayupo.

Saa tatu, hayupo. Mtu wa baiskeli akaleta habari kwamba wamemzuia kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wanakagua karatasi zake.

Ndoo ikaanza kudondosha maji chini. Tone, tone. Watoto wanaangalia ndoo, wanaangalia mimi.

“Maître, niruhusu nianze,” nikamwambia Wilondja.

“Bila mukaguzi? Ukianza ni zéro.”

Presha niliyokuwa nayo hapo, acheni tu. Nikimsubiri mkaguzi, barafu inaisha na watoto hawajaiona. Nikianza, nimeanguka. Yaani mwaka mzima wa kazi unayeyuka ndani ya ndoo.

Hapo ndipo nilipopata akili ya kihuni. Somo siruhusiwi kuanza, lakini mapumziko je?

Nikapiga makofi. “Récréation! Bote inje!” Nikabeba ndoo, nikatoka nao, nikaivunja barafu kwa jiwe nikawagawia vipande. Wilondja akafungua mdomo, Directeur akamshika mkono akamwambia: “Acha. Ni récréation.”

Wee! Zile kelele mpaka leo nazisikia.

“Inachoma!” “Inakula mukono!” “Mamzelle, iko inalia!” Mmoja, Alimasi, akatia kipande ndani ya shati, akacheza ngoma ambayo haina jina. Wengine wanaramba. Wengine wanakimbia nacho, wakifungua mkono hamna kitu, wanarudi wananishtaki kwamba wenzao wamewaibia. Akina mama waliokuwa wanapita na mihogo wakasimama, na wao wakanyoosha mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa naruka kama mtoto.

Mtoto mmoja tu hakupiga kelele. Nyassa. Alikuwa ameteremka na mama yake kutoka milima ya Itombwe, wamekimbia. Tangu aingie darasani sikuwahi kusikia sauti yake, nikimuuliza anaangalia miguu. Alishika kipande chake kwa mikono miwili mpaka kikaisha, akanywa maji yaliyobaki kiganjani.

Mkaguzi akafika karibu saa nne, kwa miguu, viatu mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Pikipiki ilibaki barrière. Hana hata hamu ya salamu. “Anza.”

Nikaanza.

“Zana yako iko wapi?” mkaguzi akauliza.

“Imeyeyuka, monsieur l'inspecteur.”

Akaandika kitu. Niliona kalamu ikizunguka, zéro. Wilondja akafunga macho.

Nikaangalia fiche yangu, ndiyo lesson plan yetu, nione kama kuna pa kushika. Mstari wa kwanza kabisa, nilioukopi kutoka kwenye programu bila kuufikiria: “Mwishoni mwa somo mwanafunzi ataweza kueleza kwamba barafu ni maji.”

Mwanafunzi ataweza kueleza. Basi waeleze!

Nikageukia darasa. “Batoto, monsieur l'inspecteur alichelewa, hakuona barafu. Mumuelezee.”

Mikono yote juu! Wengine wamepanda juu ya mabenchi!

Walianza kwa Kifaransa, c'est froid, c'est froid, yaani ni baridi, kikakwama hapo. Directeur akasema waacheni waseme Kiswahili. Hapo sasa! Ilikuwa jiwe, ikalia, ikakuwa maji. Alimasi akavua shati akamuonyesha mkaguzi lilivyolowa.

Mkaguzi akainua mkono. “Mwalimu wenu ndiye alibaambia iko maji. Pengine ni jiwe ya dawa tu. Mutajuaje?”

Mikono yote ikashuka. Nikasema moyoni, kwisha mimi.

Nyuma kabisa mtu akasimama. Nyassa.

“Kwetu inaangukaka toka juu,” akasema, sauti ndogo. “Mvua ya mawe. Siku tulikimbia ilianguka. Hatukukuwa na maji. Mama aliokota, akaweka ndani ya sufuria, ikakuwa maji, tukakunywa.”

Mkaguzi akavua miwani.

“Nani alikufundisha hiyo?”

“Hakuna muntu, monsieur. Nilikunywa.”

Mkaguzi akarudi kwenye karatasi yake, akaandika. Nilijifanya nafuta ubao, kumbe najifuta macho.

Matokeo: zana, sifuri. Hakunisamehe hata nusu alama, sheria ni sheria. Lengo la somo, alama zote. Nikapita kwa kukwaruza, lakini nilipita! Mlasi na kuku wake alianguka, kuku aliruka dirishani na somo likaenda naye. Alirudia, akapita, tunataniana mpaka leo.

Kesho yake Posho, kituo cha afya kulikuwa na foleni mpaka barabarani. Watoto wangu wamebeba wadogo zao mgongoni, kila mmoja anamuomba docta afungue frigo achungulie. Docta akanitafuta kwa macho, akanitikisia kichwa.

Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuhangaika na zana, soma tena ule mstari wa juu wa lesson plan. Umeandikwa mwanafunzi ataweza, sio mwalimu ataonyesha. Na darasani kwako kuna mtoto anayejua zaidi ya programu, ila hujamuuliza kitu alichokipitia.

Mwezi wa tisa Directeur alinikabidhi funguo ya darasa. Watoto walikuwa wamepanda la tano, nikaingia nikijua nitawakuta wamekaa kama zamani. Nyassa alikuwa benchi la mbele, kando ya Alimasi. Kabla sijasalimia, mkono wake ulikuwa juu.

“Mamzelle, leo tulete nini?”

Wakuu, mlioshika chaki na mliokimbia chaki, leteni zenu. Ni somo gani liliwaharibikia mkononi, likafundishika hivyo hivyo? Nipo, nasoma zote.