Mkaguzi Aliyekalia Ndoo ya Mama Pacha

BOMBA LETU HALIFUNGWI! Jamani, nasema tena, halifungwi! Nimerukaruka mpaka kandambili imekatika na wala sijali.

Ngoja nianze mwanzo. Shangazi yangu ndiye mlinzi wa bomba la kijiji. Kijiji kizima bomba moja, hapo nyuma ya zahanati. Ufunguo wa koki anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Anaoga nao, analala nao, hata harusini kwa binamu yangu alienda nao juu ya gauni la kumetameta. Watu wanamwita Waziri wa Maji. Anaitika.

Maji yanafunguliwa saa tatu asubuhi. Sasa nani ana muda wa kusimama? Unaleta ndoo mapema, unaipanga, unarudi kwako kufagia. Sheria ya Shangazi ni moja: ndoo ni mtu. Hairukwi, haisukumwi. Ila ikitoka moja mbele, zote zinasogea, na kila mtu anasogeza ya kwake mwenyewe. Usipotokea unarukwa, na usilie.

Basi juzi saa mbili akaja mkaguzi wa ofisi ya maji, viatu vinang'aa mpaka kuku anajitazama. Tulishasikia habari zake: bomba lenye watu chini ya hamsini linafungwa, maji yanahamishiwa njia panda. Njia panda ni saa nzima kwa miguu, na Shangazi goti lake moja linafanya kazi, lingine linasindikiza tu.

Mkaguzi akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama, watu wako wapi?"

"Si hao hapo," Shangazi akamwonyesha ndoo.

"Nauliza watu, mama."

"Na mimi nakujibu watu, mwanangu. Huyu wa bluu ni mkunga. Huyu aliyevunjika mkono ni fundi cherehani. Hawa wawili waliobebana ni mama na mkwewe, leo wamepatana."

"Siwezi kuandika ndoo kwenye fomu ya serikali."

Akaandika: wawili. Yaani Shangazi na mimi! Na mimi nilikuja tu kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika.

Nikamnong'oneza, "Shangazi, nikawaite?"

"Tulia wewe, mdomo kama redio."

Kisha akamgeukia mkaguzi, sauti asali tupu. "Umetoka mbali, mwanangu. Vuta hiyo ya njano ukae kidogo."

Jamani! Ya njano ni ya Mama Pacha, ya pili kutoka mbele. Na Shangazi huyu huyu, kuku akitua tu juu ya ndoo anarushiwa kandambili.

Mkaguzi akaitoa kwenye mstari, akaivuta kivulini, akaipindua, akakaa. Akashusha pumzi.

Dirisha likafunguka kwa kishindo.

"We kaka! Umenikalia!"

Mama Pacha huyo, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwapani. Mwenye ndoo ya tatu akaona nafasi imetoka, mbio, asogeze ya kwake. Wa nne kumwona wa tatu, naye mbio. Milango ikaanza kutapika watu. Fundi cherehani na futi shingoni. Mwalimu mkuu na povu la mswaki kidevuni. Mama na mkwewe wameshagombana njiani.

"Mimi nilikuwa wa kumi!"

"Wa kumi wapi? Uliweka sufuria! Sufuria haina haki!"

"Na huyu mwenye viatu ameingia foleni saa ngapi?"

Mkaguzi akapanda juu ya ndoo ili asikanyagwe. Shangazi akapaza sauti, "Mwanangu, ukiwa hapo juu, si uhesabu?"

Akahesabu mara mbili, maana walikuwa hawatulii. Sitini na mmoja! Akakata ile "wawili" kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Leo barua imefika: bomba linabaki, na Shangazi na ufunguo wake. Ndoo ya Mama Pacha imepasuka kitako, Shangazi kampa ya kwake.

Nikamuuliza, "Shangazi, ulifanya makusudi?"

"Mgeni aachwe amesimama? Nani kakulea wewe?" Halafu akaficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika.

Tafadhali, mkishasoma watumieni na wengine.