Fundi wa Kulalisha Moteri

Mtaani Songo, mjini Uvira, watu walimjua Ildephonse kwa kufufua moteri za mitumbwi. Moteri iliyonyamaza mwaka mzima, akiipapasa kidogo na kuitukania ukoo wake, ilikohoa ikawaka. Lakini katika miaka hii yetu mibaya alitafutwa zaidi kwa kazi iliyo kinyume cha hiyo. Habari za bondeni zilipochafuka, watu wa upande wa Mutarule wakaanza kuingia mjini na magodoro kichwani, wenye mitumbwi walimjia mmoja mmoja: fundi, njoo unilalishie yangu.

Kulalisha ni kuifanya moteri isiweze kuwaka bila kuiumiza. Wenye bunduki hupenda mtumbwi wenye moteri, na mwenye mtumbwi kwao si kitu. Ukiwaambia imekufa, wanavuta kamba wenyewe, na ikiwaka umekwisha. Kutoa bujie, ile plagi ya kuwashia, hakutoshi, maana bujie hupatikana kila kona. Ildephonse alifungua kifuniko, akatoa bobini, kile kidude cheusi kinachopeleka moto kwenye bujie, akarudisha kila skrubu mahali pake. Bobini alimpa mwenyewe akaifiche anakojua.

Mkewe, Eliane, aliuza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, na mdomo wake ulikuwa mdomo wa soko. Alichoka kuona watu wa katikati wakipeleka mzigo wake Mpulungu, kule Zambia, na kurudi wamenenepa wao. Aliapa atakwenda mwenyewe. Na kwa kuwa kule Kiingereza kinasaidia kubishana bei, alijiandikisha kwa mwalimu Laure, aliyefundisha jioni katika chumba cha nyuma cha kanisa. Alichojifunza huko alimfundisha mumewe, atake asitake.

Jioni moja alimkuta ameinamia moteri yao wenyewe, anailalisha.

"Baba Claudette, leo tulisoma maneno ya kufanya kintu kisitumike tena. Iko mingi. *Break*, ni kuvunja. *Spoil*, ni kuharibu. *Cripple*, ni kulemaza, kintu kinabaki kinachechemea tu. Sasa hii yako weye ni gani?"

"Minye sivunje kintu," Ildephonse alisema bila kuinua kichwa. "Wala siharibu."

"Basi ni *disable*. Kintu kiko kizima, lakini hakiwezi."

Neno lilimpendeza. Miaka yote alikuwa akifanya kazi isiyo na jina la heshima, na sasa jina limepatikana. Tangu siku hiyo Eliane alimwita Papa Disable, hata mbele ya wateja, naye akajifanya amekasirika. Walipendana hao wawili, na sioni haya kulisema.

"Na bobini yetu utaiweka wapi?" Eliane aliuliza.

"Hiyo sikuambie. Ukijua, bale ba bunduki batakupiga mpaka useme. Usipojua, utaapa na Mungu atakuwa shahidi yako."

"Na siku weye hauko?"

"Minye nitakuwa wapi tena?"

Eliane alichukua beseni lake la ndagala akaingia ndani. Jibu hilo halikumfurahisha.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ile aliijua Ildephonse peke yake. Aliwaza chini ya jiko, aliwaza darini, akaona kote huko wezi hupekua. Mwisho aliuona mto wa kulalia wa mkewe, mto wa zamani wa pamba ya msufi alioshonewa na mama yake. Nani ataiba mto mzee namna ile? Eliane alipokwenda sokoni, alifumua mshono wa pembeni, akaisukuma bobini katikati ya pamba, akashona tena kwa uzi wa nyavu. Alijiona mjanja. Alisema moyoni kwamba amani ikirudi atamwonyesha, na Eliane atacheka mpaka akae chini.

Haikupita wiki, Ildephonse alikwenda Mutarule kumchukua mama yake, kikongwe aliyekataa kuhama. Akiwa huko barabara ikafungwa nyuma yake, rezo ya simu ikafa, na Uvira ikaanza kukimbia. Yeye na mama yake mgongoni walivuka mto Ruzizi pamoja na watu wengine. Njia nzima alijipa moyo: Eliane atakuwa amevuka ziwa kwa binti yao Claudette, anayekaa Kabezi, ng'ambo, upande wa Burundi.

Ni kweli alikuwa amevuka. Ildephonse alipofika Kabezi alikuta watu wamekaa mikekani nje ya nyumba ya Claudette, na walipomwona hakuna aliyesimama kumpokea. Walikuwa wameshamzika.

Félicité, mdogo wake Eliane, ndiye aliyemweleza. Mitumbwi mingine ilikuwa imekwisha kuondoka. Walipokuwa wakiusukuma wao majini, risasi isiyo na mwenyewe ikampata Eliane pajani. Wakamlaza chini, kichwa kwenye mto alioondoka nao nyumbani, wakalifunga paja kwa kitenge, wakapiga kasia. Safari ambayo kwa moteri humalizika kabla ya maharage kuiva iliwachukua mchana wote, upepo ukiwarudisha. Damu haikukubali kusimama. Alikata roho wakati nyumba za Kabezi zinaonekana.

"Nilivuta ile kamba ya moteri mpaka mikono ikachubuka," Félicité alisema. "Akaniambia niache. Alicheka kidogo. Alisema, muambie Papa Disable kazi yake iko nzuri sana."

Kisha akafungua pindo la kitenge chake. Alikuwa ameuvua mto foronya aifue, akahisi kitu ndani ya pamba, akafumua.

"Shemeji, hii ni nini?"

Ildephonse aliipokea: ilikuwa bobini. Hata Claudette, mtoto wa fundi, alikuwa ameitambua, akageuza uso ukutani.

"Ilikuwa inamuchoma shingo," Félicité alisema polepole. "Alisema, huu mto uko na kintu kigumu. Minye nikageuza mto."

Ildephonse alishuka ufukweni. Mtumbwi ulikuwa pale, umefungwa kwenye jiwe. Alifungua kifuniko, akairudisha bobini, akakaza skrubu, akavuta kamba mara moja. Moteri ikawaka. Iliunguruma vizuri, haina kasoro hata moja, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimevunjika. Akakaa kando yake akalia kwa sauti, mtu mzima, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaondoka wakamwachia ufukwe.

Songo alirudi, kama wengi wetu tulivyorudi. Mwalimu Laure alimwambia aje akae kwenye kiti cha Eliane, amalizie masomo. Alishukuru, hakwenda.

Habari za bondeni zilipochafuka tena, jirani yake Achille alimjia. Ildephonse alifuatana naye nyumbani, akamlalishia moteri yake kama zamani. Lakini Achille aliponyoosha mkono apokee bobini, fundi alimpita akaenda mpaka jikoni, akamwekea Consolée, mke wa Achille, mkononi, mkono bado una unga.

"Weye ndiye utaificha," alimwambia. "Na mumeo umuonyeshe."

"Fundi, batamupiga," Achille alisema.

"Najua," Ildephonse alijibu. "Hata minye nilisema hivyo."