Neno Alilokataa Kulipiga Chapa

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mashine alikuwa akipiga chapa malalamiko ya watu, kwa Kiingereza, kwenye kibaraza cha mahakama. Ulimi wake haukuwa na breki, na wakwe zake hawakumpenda.

Jumatatu moja akaja shemeji yake, fundi wa kuchomelea vyuma, amevimba kwa hasira. Jumapili, karakana ikiwa tupu, mdogo wake alikuwa ameingia na kubeba mashine ya kuchomelea.

"Andika 'he robbed me'," akaamuru.

Mama Mashine akaondoa vidole kwenye mashine yake ya chapa. Akamweleza kwamba "steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, "rob" hufuatwa na mtu aliyeibiwa, kama sisi tunavyosema kuiba mashine na kumwibia fundi. Ila hiyo "rob" ina ngumi ndani yake: nguvu, au vitisho.

"Basi mimi ndiye niliyeibiwa."

"Alikupiga? Alikutisha?"

"Sikuwepo."

"Basi ni 'steal', shemeji. Hilo lingine litamfunga bure."

"Ndilo nilitakalo. Tangu kaka akuoe, umekuwa mwiba kwetu."

Akampokonya karatasi, akahamia meza ya pili, kwa mpiga chapa ambaye Mama Mashine hakuwa amesalimiana naye tangu wagombee kivuli. Yule akaandika "robbed" bila kuuliza swali.

Mdogo mtu akakamatwa kwa unyang'anyi, akanyimwa dhamana. Wiki ya tatu mkewe akafika kibarazani, akatema mate miguuni pa Mama Mashine. Alikuwa ameambiwa ni yeye aliyeandika.

Mama Mashine alifunika mashine, akaenda kituoni, akamwambia mkuu wa upelelezi alichokisikia: mlalamikaji hakuwepo. Fundi akaitwa, akabanwa maswali, akakiri. Shtaka likashushwa kuwa wizi, mdogo mtu akatoka kwa dhamana, amekonda, kazi yake ya udereva imeshapewa mtu mwingine.

Mkewe hakuomba radhi. Fundi alimwita Mama Mashine msaliti mbele ya ukoo mzima, na mumewe Mama Mashine akainamisha kichwa, kimya, akichezea kifungo cha shati. Kimya hicho ndicho kilichomuuma kuliko mate. Usiku ule alimtandikia mumewe sebuleni, na asubuhi akaenda kazini bila kumwachia chai.