Ng'ombe Ndani ya Kanisa la Mawe

Asubuhi ile nilikuwa uani nachambua pamba. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na mizani yao, na upande wetu wa Ngulyati kila jirani alijifanya bingwa wa biashara. Masanja, mume wangu, alikuwa kanisani akifukuza mbuzi.

Alikuwa katekista, na ugomvi wake mkubwa duniani ulikuwa na mifugo. Kanisa lile wamisionari walilijenga kwa mawe ya mlimani. Mama yangu aliyabeba kichwani akiwa msichana. Kuta zake zina unene wa mkono mzima, madirisha ni membamba na yako juu, mlango ni mmoja wa mbao. Mbuzi akikanyaga kizingiti, Masanja alinuna mpaka jioni.

Mchana tukasikia mwano, ule ukelele wa hatari, kutoka bondeni. Wezi wa ng'ombe. Miaka ile walikuja kama jeshi, na bunduki za vita.

Tulikimbilia kanisani na watoto, tukiswaga ng'ombe mbele yetu. Mlangoni nikasita.

"Mama Kulwa, unangoja nini?" Masanja alifoka. "Ingiza!"

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe!"

Wakaingia mmoja mmoja, hadi altareni.

Risasi zikapiga kuta. Kuta hazikutikisika.

"Toeni ng'ombe!" sauti ikaita nje.

Masanja alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo, akiuzuia. "Misa ni Jumapili!" akawajibu.

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka kweli.

Mbao si jiwe. Risasi ilipita.

Sungusungu walipofurika kutoka vijiji jirani, wezi waliondoka bila hata ndama.

Siku ya mazishi akina mama walikuja na mafagio, wazoe kinyesi kabla ya jeneza kuingia. Nikawazuia mlangoni.

"Asifagie mtu," nikasema. "Aliwaingiza mwenyewe."

Padri aliniangalia, kisha akapita juu ya kinyesi na kanzu yake nyeupe.

Huwa naulizwa kama ng'ombe wale walistahili uhai wake. Hapana. Wote kwa pamoja, hapana. Naumia mpaka leo. Lakini wenye bunduki hawakupata walichokifuata, na hilo nalisema kifua mbele.

Sasa kamati ya kanisa inataka mlango wa chuma, eti lile tundu la risasi linaingiza mvua. Nimewaambia waung'oe wa mbao nikishapita hapo ndani ya jeneza langu. Kwa sasa nipo, na mbuzi nawafukuza mimi.