Baunsa na Saksafoni ya Shangazi

Nyundo alimkamata mlevi ukosi, akamzungusha, akambamiza ukutani mpaka plasta ikadondoka. Mlevi naye hakuwa wa mchezo. Alikuwa na chupa iliyovunjika mkononi, na kabla hajalegea alikuwa ameshamchana Nyundo mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Wahudumu wakaleta maji, wakaosha sakafu, na muziki haukusimama.

Zilikuwa hivyo jioni za ukumbi ule wa dansi, na Nyundo, baunsa wake, alijua fika kazi ile inaishia wapi. Aliyemtangulia mlangoni alitoka pale juu ya machela, kisu kikiwa bado ubavuni. Aliyemtangulia huyo, hakuna aliyependa kumtaja.

Akashonwa, na kesho yake akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ya ukumbi ule ule, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Daktari alikuwa amempiga marufuku kupuliza, maana kifua kilikuwa kimekwisha. Ile alto, saksafoni aliyokuwa akipuliza, ilikuwa mali yake mwenyewe, si ya bendi, na bendi haikuwa na nyingine, kwa hiyo atakayepewa alto ndiye atakayekaa kwenye kiti chake. Nyundo hakuzungukazunguka. Alisema anakitaka kiti hicho, atoke mlangoni kabla hajatolewa amefunikwa shuka.

Shangazi akamtazama mikono, vifundo vimevimba kwa miaka mingi ya kupiga taya za watu, akataja masharti. Mwisho wa mwezi, mbele ya bendi nzima, apande noti kutoka do ya chini hadi do ya juu, kisha ashuke, na isikwame hata moja. Ikikwama, alto inakwenda kwa Shemeji.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa kiongozi wa bendi. Mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata wasio na dada wala mke. Saksafoni aliijua, hilo hakuna aliyebisha. Kazi ndiyo hakuwa nayo, na dada yake alikuwa amechoka kumpakulia.

“Upendeleo wako ni kuanza wewe,” Shangazi alimwambia Nyundo. “Usitafute mwingine.”

Wakaanzia chumba cha nyuma, godoro limeegemezwa dirishani ili majirani wasije kugonga. Nyundo aliivaa alto shingoni, akaweka mkono wa kulia juu na wa kushoto chini. Shangazi akamtwanga vidole kwa kijiti cha ngoma. Kushoto juu, kulia chini, akasema, na asirudie kusema. Kidole cha shahada cha kushoto peke yake, hiyo ni ti. Ongeza cha kati, la. Ongeza cha pete, so. Vitatu hivyo viache palepale, sasa mkono wa kulia uje kwa mpango huo huo: shahada, fa, kati, mi, pete, re. Kidole cha mwisho kikiongezwa, umefika do ya chini. Na ile do ya juu ni kidole cha kati cha kushoto peke yake, vingine vyote hewani.

Kichwani vilikaa upesi. Mikono ndiyo ilikataa. Mtu aliyezoea kushika watu koo alishika na alto vivyo hivyo, na kila alipofika kwenye re, kiganja chake cha kulia kilikaza mpaka kikagusa vitufe vya pembeni, vile visivyotakiwa kuguswa, tundu likafunguka juu na noti ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Kijiti kikatua. Akarudia, paka akalia, kijiti kikatua. Yule mtu ambaye walevi walivuka barabara wakimwona alikuwa anachapwa na mwanamke asiyemfika begani. Mdomo wa chini ulichanika kwa ndani kwa kubanwa na meno, akawa anatema damu kwenye kopo halafu anapuliza tena.

“Unamkaba nani, baba?” Shangazi aliuliza siku moja. “Huyo hajakataa kutoka ukumbini.”

Habari zikamfikia Shemeji kwamba baunsa anapanda noti zote, imebaki re tu. Hakuilalia habari hiyo. Siku mbili kabla ya mtihani, mchana kweupe, Nyundo alikuwa anaingiza kreti za soda kwa mlango wa nyuma alipowakuta watatu wanamngoja. Nyundo alimpiga wa kwanza kichwa, pua ikapasuka, jamaa akakaa chini. Wa pili alimrukia miguu. Nyundo akayumba, akashika fremu ya mlango ili asianguke, na hapo ndipo wa tatu, Shemeji mwenyewe, alipousukuma mlango wa chuma kwa bega, ukafungia mkono ule.

Ulisikika mlio mkavu, kama kuni. Kidole cha pete cha kulia kilitazama kusikostahili.

“Si kwa ubaya, ndugu yangu,” Shemeji alisema, akihema. “Wewe kazi unayo tayari.”

Nyundo alikwenda kwa Shangazi akidhani siku itasogezwa. Haikusogezwa. Shangazi alikinyoosha kidole kwa kukivuta mara moja, akakifunga kwa kipande chembamba cha ubao na kitambaa, ncha akaiacha wazi.

“Kimevunjika, hakijakatika,” alisema.

Siku ya mtihani bendi ilikaa jukwaani, kiongozi katikati, Shemeji kando na viatu vimeng’arishwa. Nyundo aliivaa alto. Do ya chini ilihitaji kidole kile tangu mwanzo. Alijaribu kukaza kama kawaida, maumivu yakampanda hadi begani, macho yakajaa ukungu. Hapo ndipo akaona hana nguvu za kukabia. Akakiweka kidole juu ya kitufe bila kusukuma, kwa uzito wa nyama yake tu, na kiganja kikabaki mbali na vitufe vya pembeni. Do ikatoka. Re ikatoka safi, nene, bila paka. Akapanda hadi ti, akainua shahada na kushusha cha kati kwa pamoja, do ya juu ikafika. Akashuka. Alipomaliza, damu ya mdomo ilikuwa imechuruzika hadi kwenye shati, naye alikuwa amejikojolea kidogo kwa maumivu, jambo ambalo wapiga ngoma waliliona na wakawa na adabu ya kutolisema.

Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Kiongozi wa bendi, ambaye nyumbani kwake kulikuwa na mke atakayemuuliza habari za kaka yake, akakuna kidevu akauliza mlangoni sasa atasimama nani.

“Msimamishe Shemeji,” Nyundo alisema. “Milango anajua kuifunga.”

Jukwaa zima likacheka. Shemeji alitazama huku na huku, akamwona mume wa dada yake ameshakubali kwa uso, na kurudi kule mezani kwa dada hakukuwa na njia. Akachukua kazi.

Jumamosi ya kwanza wateja wenye visasi vya zamani na mlango ule walimpima sura, wakamwona mwepesi. Watatu walimzingira. Kiti kilimshukia mgongoni, kingine usoni. Alijikokota kwenye sakafu kuelekea jukwaani, meno mkononi, akamwinulia Nyundo macho.

Nyundo alimwona vizuri kabisa. Kiongozi wa bendi alikuwa ameshampa ishara ya kuanza wimbo. Nyundo akajaza kifua na kupuliza.