Kitabu cha Mashine Kikae Wapi

Miaka ile ya sabini nilikuwa naendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Igawa, Usangu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nikieleza jambo vibaya, msomaji anivumilie. Mashine zetu zilikuwa zimetawanyika kutoka Mbeya mpaka Iringa, lakini kitabu cha maelekezo kilikuwa kimoja, mezani kwa fundi mkuu, Mbeya mjini. Mashine ikisumbua, unamwita asubuhi kwa redio ya upepo, naye anakusomea. Shida yake, vituo vyote vinasikia. Ukiuliza kitu kidogo unachekwa mpaka Iringa.

Mwaka mmoja msimamizi wa vituo vyote akatuita Mbeya. Akasema kitabu kimetafsiriwa kwa Kiswahili; kila kituo kichague, kipewe nakala yake au kiendelee kumwuliza fundi.

Mwenzangu wa Iringa, Mhehe, mtani wangu kabisa mimi Msukuma, akasimama wa kwanza. "Mimi nabaki na fundi. Akigundua kosa leo, kesho sote tumesikia. Kitabu kikishachapwa, kimechapwa. Na huyu Msukuma mkimpa karatasi, atavutia tumbaku."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hoja yake ilikuwa nzito. Nikasema tu, "Mtani, siku fundi yuko safarini, mpunga wa watu umsubiri nani?" Nikachukua nakala. Njia nzima nilijiuliza kama sikuchagua kwa ubishi.

Mavuno yakafika. Mama mmoja, wa familia iliyohamia Usangu na ng'ombe kama sisi, akaleta mpunga kwa mkokoteni. Ulikuwa wa harusi ya binti yake, kesho yake. Gunia la kwanza likatoka chenga tupu. Nikazima injini.

Akachota kiganja, akaninyooshea. "Mwanangu, wakwe zangu niwapikie uji?"

"Nisubiri kidogo, mama."

"Mimi nitasubiri. Harusi je?"

Nikaita Mbeya. Nikajibiwa fundi kaenda Tukuyu, mpaka kesho. Basi nikafungua kitabu. Kilisema kisu cha ndani kikikaa karibu mno, punje zinakatika. Kiweke kwa kipimo cha chuma kilichokuja na mashine. Nikakiweka. Chenga vilevile.

Nikakitoa kisu, tulicholetewa kipya msimu ule, nikakilinganisha na cha zamani kilichochakaa, kilichokuwa stoo. Hiki kipya kilikuwa kinene zaidi, na kitabu hakikuwa na habari zake. Mtani alikuwa amesema kweli.

Nikausoma ukurasa ule upya, polepole, kidole kwenye mstari. Chini kabisa kulikuwa na maneno ambayo redioni hatukuwahi kusomewa: kama kipimo hakisaidii, rudisha kisu nyuma mpaka punje zitoke na maganda, kisha kisogeze mbele kidogo kidogo mpaka maganda yaishe. Simlaumu fundi. Vituo vilikuwa vingi na asubuhi ni fupi. Alitusomea kipimo, akaenda kwa mwingine.

Nikakifunga kisu, nikakirudisha nyuma, nikawasha injini. Mama akakaa na ungo kwenye mdomo wa mashine.

"Bado," akasema. Nikasogeza. "Bado, baba." Nikasogeza tena. Alipepeta, akapuliza pumba, akatafuna punje moja.

"Haya, mimina yote."

Mchele ukatoka mzima. Lile gunia la kwanza halikuponyeka, siwezi kulificha. Alilichukua kwa ajili ya kuku.

Asubuhi nikasimulia redioni yote, na chenga zake. Mtani akadakia, "Kwa hiyo kitabu chako kisu kipya hakikijui?"

"Hakikijui."

"Sasa kina faida gani, Msukuma wewe?"

"Wakwe wanakula wali saa hizi, mtani."

Vituo vikaangua kicheko. Kilipotulia, sauti ya Iringa ikarudi, imepoa. Akasema na kwake kisu kipya kimeshafungwa, mchele unakatika, na fundi bado hajarudi. Nimsomee hayo maneno ya chini, taratibu, ameshika kalamu.

Nikamsomea.