Uduvi wa Nurjahan

Mwaka 2014, Magdaline alikuwa mpishi wa Bi Saleha, mjane wa Kizanzibari aliyezeekea Al-Baghdadiyah, mtaa wa Jeddah, Saudi Arabia. Wakala ndiye aliyemleta kutoka Kitale, lakini jina alijijengea mwenyewe: wageni waliokula pale waliuliza pilau imepikwa na nani. Kisha Nurjahan, mama wa Kiburma, akahamia mlango wa pili, akaja kujitambulisha na chupa ya balachaungi. Ni kamba wadogo waliokaushwa na kutwangwa, wakakaangwa na vitunguu, saumu na pilipili hadi wakavunjika menoni.

"Huu si uduvi huu!" akasema Bi Saleha. "Nilidhani nimeshausahau."

Tangu hapo alinyunyizia kila alichopikiwa, kabla hata ya kuonja. Magdaline aliona wivu, na sidhani ulikuwa wivu wa chakula tu, ingawa huenda ninakosea. Anayeishi katika nyumba isiyo yake hana mahali pengi pa kusimama. Yeye alikuwa na jiko.

Hamad, mwana wa Bi Saleha, akapiga simu kutoka Riyadh. Alikuwa amesikia mama yake amekonda. Angekuja Ijumaa amtazame akila; akiona mama anakula vibaya, angemchukua kwake Riyadh, mtaa wa Al-Sulimaniyah, na Magdaline angerudishwa kwa wakala atafutiwe kafili mwingine wa kumdhamini na kumwajiri.

Magdaline hakutaka Hamad aikute pilau yake imefunikwa na mapishi ya mwingine. Alhamisi aliificha chupa ya Nurjahan nyuma ya gunia la mchele, akakaanga balachaungi yake mwenyewe. Rangi ilikuwa ileile, harufu ileile. Aliposikia kandambili za Bi Saleha ukumbini, aliimimina katika chupa nyingine kama ile ikiwa bado ya moto, akakaza kifuniko, akaisukuma kabatini.

Ijumaa, mezani, mbele ya Hamad, Bi Saleha alitikisa chupa juu ya pilau. Kikaanguka kibonge.

"We Magdaline, mbona umelala huu?"

"Ni ule ule, madam."

"Ule ule! Meno yangu ya bandia, masikio si ya bandia. Hausikiki ukivunjika!" Akaisukuma sahani.

Hamad aliweka kijiko chini. "Kumbe ndivyo mama anavyokula hapa."

Kuitoa chupa aliyoificha kungekuwa kujishtaki. Magdaline alibeba ile yake, akaenda kugonga kwa Nurjahan. Yule mama akatazama matone ya maji chini ya kifuniko, akacheka mpaka akashika mlango.

"Umefunga moto!" akasema kwa Kiarabu chao cha kuungaunga. "Moto, kifuniko, mafi, hakuna! Acha ipoe kwanza, dada."

Akampa nyingine. Magdaline aliipokea bila kumtazama usoni.

Mezani tena, Bi Saleha alinyunyiza, akatafuna kwa kelele, akaongeza pilau, kisha akaongeza tena. Hamad alimtazama mama yake mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Halas, basi, mama. Kaa hapahapa." Akamgeukia Magdaline. "Na chupa hii nifungie, mke wangu aonje. Mama atapewa nyingine na jirani."

"Na pilau nikufungie, bosi?"

"Pilau ipo Riyadh."

Kazi yake ilikuwa imesalia, na aliyeiokoa alikuwa Nurjahan. Magdaline aliitia chupa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, akakaza fundo kwa meno.